Mrejesho: 323 na 331, ipi ni namba tasa?

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza ipi kati ya 323 na 331 ni namba tasa, mkanishauri nijaribu kugawanya kwa namba tasa tu na nikomee 17.

323 ilipita 2, 3, 5, 7, 11 na 13 zote, ikaja kunaswa na 17 yenyewe: 17 × 19. 331 ikaacha baki kila mahali, kwa hiyo ni tasa.

Kilichonifurahisha zaidi ni sababu ya kukomea hapo. Vigawo huja viwili viwili. Vyote vikizidi 18, zao lake linaanzia 19 × 19, yaani 361, tayari limepita 331. Na 15 haina haja kujaribiwa, maana kila kigawe chake ni kigawe cha 3.