Anayesomea nyumbani apimwe vipi mwisho wa mwaka: karatasi, au faili la kazi?

Hoja: familia zinazosomesha watoto nyumbani hapa Uganda zipime kazi ya mwaka kwa njia gani? Karatasi yenye saa na alama, faili la kazi za mtoto, au mtu wa nje aje amsikilize akisoma?

Mama wa Ntinda: Karatasi. Safari yote inaishia PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na PLE haijui mtoto alisomea wapi. Hisabati peke yake inachukua muda wa saa 2 na nusu: Sehemu A maswali 20 ya alama mbilimbili, Sehemu B maswali 12 yenye alama 60. Aliyezoea vipindi vya dakika 40 mezani jikoni ataishiwa pumzi kabla hajaigusa B.

Mwalimu, Mbale: Mama, kuanzia P.5, yaani darasa la tano la msingi, sina ubishi. Ila wapo wanaompa karatasi ya Kiingereza mtoto wa P.2, na mtaala wenyewe unataka afundishwe kwa lugha ya nyumbani hadi P.3, P.4 ndiyo ya kuvukia. Akikosa swali la “how many are left” (zimebaki ngapi), utajuaje kama kilichomshinda ni kutoa au ni neno “left”? Mpe aya ya maneno 100 asiyowahi kuiona, asome kwa sauti, wewe tia kistari kila anapokosea. Makosa 5 kushuka chini, kitabu kinamfaa. 6 hadi 10, akisome na mtu pembeni. Yakizidi 10, tafuta chepesi zaidi. Halafu funga kitabu, asimulie. Wapo wanaotiririka kama redio na hawajaambulia kitu.

Baba wa Jinja: Ndivyo Uwezo, shirika linalopima watoto kusoma na kuhesabu, wanavyopima nyumba kwa nyumba: herufi, maneno, aya, hadithi ya kiwango cha P.2. Haichukui muda.

Mama wa Ntinda: Sawa kwa wadogo. Lakini faili ni urembo. Utakuta insha iliyonakiliwa mara 3 hadi ikang'aa.

Mwalimu, Mbale: Linaharibika pale mzazi anapochagua. Panga siku mapema, tuseme Ijumaa ya mwisho ya kila muhula. Kazi ya siku hiyo inaingia na makosa yake, na tarehe juu, na kama alisaidiwa iandikwe. Mihula 3, vipande 3 kwa kila somo, basi.

Dada wa Gulu: Mnabishania chombo, msahihishaji mmemsahau. Sehemu B ya hisabati ina alama za njia, si za jibu tu. Kwenye swali la eneo, mtoto akipanga vizuri 7 × 4 kisha akaandika 24, mzazi mwenye jibu tu mkononi anampa sifuri, na mwaka mzima unaofuata anarudia kufundisha eneo wakati tatizo ni jedwali la 7. Upande wa pili kuna mzazi anayesoma swali huku akilikazia lile neno lenye jibu. Familia 2 zibadilishane watoto kwa siku 2. Na msilinganishe 70 ya mock (mtihani wa majaribio) ya mwaka jana na 70 ya mwaka huu: kila mtungaji ana ugumu wake na mpaka wake wa D1, daraja la juu kabisa la somo.

Mama wa Ntinda: Kubadilishana nimekubali. Ila mwalimu mkuu wa shule yenye namba ya kituo cha UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, ambako mtoto atasajiliwa kwa PLE, hatafungua faili lako. Anajua jumla ya pointi 4 hadi 12 kwa masomo 4 (chache ndizo bora) ndiyo daraja la kwanza, na anataka kuona kama mtoto wako atamharibia matokeo.

Mwalimu, Mbale: Ndiyo maana aendewe mtoto akiwa P.5, si mwaka wa P.7 wenyewe. Mwombe mtoto akae na wenzake kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, na karatasi isahihishwe hukohuko. Hapo umepata saa, mgeni na alama kwa mpigo.

Dada wa Gulu: Na Kiswahili? Hakimo katika yale masomo 4 ya PLE, kwa hiyo anayepima kwa karatasi tu ndicho atakachokiacha kwanza. Hicho kipimwe kwa mdomo: dakika 10, mtoto aeleze njia ya kutoka nyumbani hadi sokoni, na anayemsikiliza asiwe mzazi wake.