Ukoo wa Mkunazini: safari ya Zuhura

Shangazi Time, 19:42
Assalaam alaykum. Siku ya nne leo nauliza, watu 31 mmesoma mmenyamaza. Zuhura anasafiri na kikundi chao cha taarab, maonyesho 11, Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa. Kuondoka tarehe 2 Oktoba, kurudi 24. Tiketi na malazi wenyeji wanalipa. Kwetu sie imebaki viza, nguo za baridi na sanduku gumu la kanuni, chombo chake cha nyuzi anachopiga. Nani anatoa nini?

Shangazi Time, 19:43
Mie nshatoa laki.

Khamis, 19:58
Wa alaykum salaam. Na hiyo kanuni inaombewa viza?

Mama Ilham, 19:59
Wakiiuliza kazi, ijibu mwanamuziki 😂

Shangazi Time, 20:01
Khamis, weye hata mchango wa arusi ya Ilham hujamaliza.

Zuhura, 20:10
Shikamoo shangazi, shikamooni nyote. Nieleze kidogo. Kanuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi ya samaki, si juu ya mbao. Begi moja likiilalia ngozi ile, basi. Urefu wake karibu mita moja, haiingii kwenye kabati la juu ndani ya ndege. Mwezi wa 5 nimerudi nayo Pemba kwenye mfuko wa kitambaa, nikakuta ufa mwembamba kama unywele upande wa vigingi. Ukipitisha ukucha unakwama. Fundi kaubana, lakini kanambia mara ya pili haistahamili. Na jengine, paspoti yangu inaisha tarehe 30 Novemba, sijui itafaa?

Mama Ilham, 20:12
Ngozi ya samaki gani? Changu?

Khamis, 20:12
Papa. Ndo maana inalia vile.

Suleiman Muscat, 20:15
Wekeni mbali na paka wa Mama Ilham 😂😂

Ami Seif, 20:31
Sanduku la nini fedha zote hizo? Sie tulipokwenda tulifunga vyombo kwa godoro na kamba, na vilifika.

Shangazi Time, 20:32
Vilifika. Vilirudi?

Ami Seif, 20:34
Time, usinianze.

Shangazi Time, 20:34
Sikuanzi. Nauliza akordioni la baba liko wapi.

Ami Seif, 20:39
Miaka yote nasema. Mkuu wa safari aliondoka na fedha usiku, sie tukaachwa na deni la hoteli. Watu tisa. Mlitaka tulale stesheni na theluji?

Mama Ilham, 20:40
Jamani, si humu.

Halati Rukia, 20:41
Niko zamu, nitasoma baadae.

Ilham, 20:58
Nimemsomea Bibi yote. Kasema niandike kama anavosema, nisipunguze:
"Siti binti Saad mtu wa Fumba, akiuza vyungu. Mwaka 1928 kavuka bahari hadi Bombay kutia sauti kwenye santuri, na wapigaji wake pamoja, na vyombo vyao. Sauti ile ikasikika pwani nzima. Mjukuu wangu haendi kwa watu na chombo kilichofungwa kamba. Seif, la akordioni nililijua siku ileile uliposhuka bandarini mikono mitupu. Sikukuuliza kwa sababu ulirudi mzima. Sanduku utanunua weye."

Ilham, 21:20
Bibi anauliza Ami kasoma?

Ami Seif, 21:47
Mwambie nimesoma. Kesho baada ya alasiri nitapita kwake.

Suleiman Muscat, 22:05
Samahanini, turudi nyuma. Nani kasoma alilosema Zuhura mwisho? Paspoti lazima iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule. Yeye anatoka 24 Oktoba, paspoti inakufa 30 Novemba. Hapo viza hapati.

Shangazi Time, 22:06
Ya Rabbi. Zuhura, mbona husemi?

Zuhura, 22:07
Nilisema, shangazi.

Shangazi Time, 22:15
Haya, skizeni. Leo 19 Agosti. Kesho asubuhi Zuhura yuko uhamiaji, laki na nusu ya paspoti naitoa mie, mtanirejeshea. Ikitoka tu anavuka Dar kwa viza, alama za vidole lazima awepo mwenyewe. Ada euro 90. Na bima ya safari inayofika euro 30,000. Maombi yakiingia chini ya siku 15 kabla ya safari hayapokelewi, na wao wenyewe huchukua siku 15. Kwa hivyo hatuna nafasi ya kulala. Nani anafuatana naye kwenye boti?

Mama Ilham, 22:21
Ningekwenda, lakini Bibi nani atabaki naye?

Khamis, 22:30
Mie natoa elfu hamsini. Ishirini sasa hivi nshatuma, thelathini mwisho wa mwezi. Dar nnaweza kwenda Alkhamis tu.

Zuhura, 22:33
Ahsante kaka. Allah akuzidishie.

Halati Rukia, 06:10
Nimetoka zamu sasa hivi. Laki yangu ipo, lakini ya arusi au ya kanuni?

Shangazi Time, 06:11
Ya kanuni! Seif, hilo sanduku fundi wa Malindi anasema laki sita, anataka nusu leo ndo aanze kukata mbao. Unampelekea?

Shangazi Time, 06:40
Seif, nakuona uko hewani.