Mrejesho: Nimechukua Steam Deck, laptop itasubiri

Wakuu, niliuliza kama kuna maana ya kununua kompyuta ya gemu ya kushika mkononi wakati hela ileile inapata laptop iliyotumika. Nimechukua Steam Deck OLED, mtumba lakini safi.

Aliyesema niangalie kwanza gemu ninazocheza ndipo nichague mashine, shikamoo yako. Mimi ni wa gemu za hadithi, za kucheza peke yangu. Zinakwenda vizuri tu. Aliyenuna ni mdogo wangu: Fortnite haifunguki kwenye SteamOS (mfumo endeshi wa Steam Deck, uliojengwa juu ya Linux badala ya Windows), maana wenye gemu hawajaruhusu kinga yake dhidi ya wadanganyifu ifanye kazi kwenye Linux. Kama gemu yako ndiyo hiyo, tafuta mashine ya mkononi yenye Windows, mfano ROG Ally ya Asus.

Betri ni ya Wh 50. Gemu nzito inaimaliza kwa saa mbili hivi, ila nikipunguza fremu (picha zinazoonyeshwa) hadi 45 kwa sekunde inadumu zaidi, na kwenye skrini ya inchi 7.4 sioni hasara. Raha yenyewe ni kitufe cha kuilaza: mtu akiniita nabonyeza, nikirudi naendelea palepale. (Kwenye daladala siitoi, bado nina akili timamu.)

Kinachouma ni bando. Kupakua gemu moja kubwa kunakula hata GB 60 na zaidi.

Mwenye microSD (kadi ya kuongeza nafasi ya kuhifadhi gemu) ya GB 512, orijino kweli, anitafute.