Pua imetanuka baada ya operesheni ya taya la juu, itarudi kweli?

Binti_Uyole
Habari zenu wapendwa, naomba mawazo hasa kwa waliopitia hii kitu. Mimi tangu nasoma meno ya chini yalikuwa yametangulia, ya mbele hayakutani kabisa hata mkate naumega kwa pembeni, nikafungwa waya karibu miaka miwili halafu nikaenda Dar kufanyiwa operesheni, taya la juu likakatwa likasogezwa mbele na kupandishwa kidogo. Leo wiki ya saba. Meno yanakutana namshukuru Mungu, juzi nimeuma parachichi kwa meno ya mbele mara ya kwanza maishani nikalia pale pale jikoni.

Sasa shida ni pua. Imetanuka kwa chini, mabawa yamefunguka, ncha imeinuka mpaka ukinitazama usoni unaona matundu. Pua yangu ni ya bibi yetu wa Tukuyu, pana kiasi, nilikuwa naipenda na hii siyo. Mama haongei kitu ila namuona anavyoniangalia nikiwa naosha vyombo. Na hakuna aliyeniambia kabla kwamba pua itabadilika, nilipewa karatasi nikasaini basi. Je itarudi? Au ndo hivyo tena?

Makambako_Juu
Pole sana dadangu. Mimi nina mwaka wa tatu tangu nifanyiwe hiyo hiyo. Wiki ya saba bado mapema mno, mimi mwezi wa pili ndo nilikuwa sitaki hata kupiga picha ya kitambulisho. Uvimbe mkubwa unashuka wiki za mwanzo lakini ule wa ndani ndani kwenye mdomo wa juu na kwenye pua unachukua miezi, mimi nilianza kuiona pua yangu mwezi wa nane hivi. Kioo cha asubuhi usikiamini maana ukitoka kulala uso umejaa. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, usicheke, ndo utaona tofauti. Ila nisikudanganye, haikurudi yote, imebaki pana kidogo kuliko zamani na nimeshaizoea.

Mama Tuli
Mwanangu pole, mbona watoto wachanga tunawavuta pua na zinakaa vizuri? Jioni kanda na maji ya moto halafu ibane taratibu kwa vidole, baridi hii ya Uyole inakaza kila kitu.

Meno_Iringa
Shikamoo mama, naomba kwa heshima tusimshauri hilo. Mfupa wake umeshikwa na vyuma vidogo na skrubu, na wiki ya saba ndo kwanza unaendelea kuunga. Asibane, asikande, asivute.

Mdogo wangu mimi nafanya kazi ya meno, ngoja nikueleze kwa nini imetokea. Operesheni yako inaitwa Le Fort I, jina la daktari Mfaransa René Le Fort ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso hupasukia. Ili kuufikia mfupa wanachana ndani ya mdomo wa juu, juu ya fizi, wanabandua misuli iliyoshika mabawa ya pua. Misuli ikishabanduliwa inajivuta pembeni na mabawa yanaifuata, halafu taya ndo msingi wa pua, ukilisukuma mbele na juu ncha nayo inainuka. Kwa hiyo uvimbe utaisha ila huo mtanuko wa misuli hauishi wenyewe wote. Kuna mshono wa ndani ambao daktari huupitisha kuvuta mabawa yakaribiane kabla ya kufunga mdomo, mpigie muulize kama aliuweka na kama alipima upana wa pua yako kabla. Ulistahili kuambiwa haya kabla ya kusaini, na hilo linaniuma kwelikweli.

Kitu kimoja usisubiri: ziba tundu moja uvute hewa, halafu jingine. Ukuta wa kati wa pua umekaa juu ya taya, taya likipandishwa na ukuta usipopunguzwa unaweza kupinda. Hiyo ni habari ya kupumua, siyo ya sura. Kupenga kamasi usianze mpaka daktari wako akuruhusu, chafya piga mdomo wazi, na maji ya chumvi ya kusafishia pua tumia aliyokupa. Ganzi kwenye mdomo na shavu kwa sasa ni kawaida.

Makambako_Juu
Na ikibaki pana baadaye kuna kupunguza mabawa, hawagusi taya tena. Mimi niliambiwa nisubiri mwaka uishe kwanza, nikaona siihitaji.

Binti_Uyole
Ndaga fijo wote. Mama Tuli asante kwa kunijali mama, nimekuelewa. Nimejaribu hapo kuziba, kushoto hewa inapita vizuri, kulia kama inapitia kwenye mrija wa soda, na usiku ndo huwa naamka koo kavu nikadhani ni baridi.

Meno_Iringa
Basi usikae nayo. Inaweza kuwa uvimbe tu, lakini piga kesho asubuhi useme hivyo hivyo ulivyoandika, upande wa kulia, tangu lini. Ya sura muulize siku hiyo hiyo, ila anza na pumzi.

Binti_Uyole
Sawa kaka. Napiga saa mbili.