Lucio Fulci alikuwa na ugomvi gani na macho ya watu?

MzeeWaMikanda
Wakuu, nimemaliza filamu ya tatu ya Fulci, yule mwongozaji Mwitalia wa filamu za kutisha, na kuna kitu kinanisumbua. Kwenye Zombi 2 (1979) mfu anapenyeza mkono kwenye mlango uliovunjika, anamkamata mwanamke nywele na kumvuta taratibu kuelekea kibanzi cha mbao. Nikajua hapa kamera itageuka. Wapi! Kinaingia jichoni tunaangalia. The Beyond (1981): fundi bomba ananyofolewa jicho, mtumishi anagandamizwa kwenye msumari hadi unatokezea jichoni. City of the Living Dead (1980): kasisi aliyejinyonga anamkazia binti macho tu, binti analia damu. Kuna maana hapa au ni mbwembwe za kuuza tiketi?

Kijiti
Tiketi, mkuu. Huyo alishatengeneza vichekesho, akatengeneza za makauboi, popote penye riziki. Hata jina Zombi 2 liliwekwa ili Waitalia wadhani ni mwendelezo wa Dawn of the Dead, filamu ya wafu ya Mmarekani George Romero, ambayo kwao ilioneshwa kama Zombi.

BintiSaaSita
Kijiti, njaa haimzuii mtu kuwa na jambo linalomkereketa. Tafuteni filamu yake Sette note in nero ya 1977, karibu haina damu. (Kama hujaiona, ruka hapa.) Mwanamke anapata maono: kioo kilichovunjika, taa nyekundu, mtu anajengewa ukutani. Anabomoa ukuta, anakuta mifupa kweli. Basi anaamini ameona yaliyopita. Kumbe jarida aliloliona kwenye maono ndiyo kwanza limetoka! Aliyekuwa ukutani ni yeye mwenyewe. Aliona sawasawa, akakosea wakati tu.

Kwa Fulci kuona hakumwokoi mtu. Kwenye The Beyond anayejua siri ya hoteli iliyojengwa juu ya mlango wa jehanamu ni Emily, kipofu. Na wale wawili wanaobaki hai hadi mwisho, wakishafika upande wa pili macho yao yanageuka meupe kama yake. Hicho kipande hakina hata tone la damu, na ndicho kilichoninyima usingizi.

Kijiti
Sawa, hiyo ya 1977 nimeiandika niitafute. Ila mimi naona makasisi kuliko macho. Don't Torture a Duckling (1972), kasisi anaua watoto ili wafe kabla hawajatenda dhambi. Miaka minane baadaye, kwenye City of the Living Dead, kasisi mwingine anafungua mlango wa jehanamu.

MzeeWaMikanda
BintiSaaSita, nimerudia ile ya kibanzi nikiwa na maneno yako kichwani. Kumbe kuna vipande ambavyo hatumtazami yule mwanamke. Tunatazama kwa jicho lake, ncha inatujia sisi, inakua, inakua. Na mimi niliyejifanya mgumu nilikuwa nimefumba langu moja. Wahenga walisema macho hayana pazia. Fulci anakulazimisha ulitafute.

Sette note in nero naianza usiku huu. Aya yako sikuiruka, kwa hiyo umeshaniharibia mwisho.

BintiSaaSita
Nilikuonya. Ila bado hujajua saa ya mkononi inafanya nini.