Bampa za nyuma za chuma kizito kwenye pikapu: zizuiwe mjini au watu waachwe?

Wakuu tujadili bila matusi. Ukikaa foleni barabara ya Mandela mbele yako kuna Hilux au Land Cruiser, nyuma kapigwa bamba la milimita 5 au 6, na huku (ile ndoano ya kuvutia trela) imetokeza nje, mwenyewe anakwambia ni ulinzi. Ulinzi wa nani? Bampa ya kiwandani ikigongwa inajikunja, inameza kishindo kidogo. Hii haikunji, kishindo anakula wa nyuma, na pikapu ikiwa imenyanyuliwa springi basi wala haikutani na bampa ya Vitz, inakutana na taa, boneti na rejeta. India walishapiga marufuku vyuma vya mbele 2017, mi nasema hata vya nyuma viwekewe sheria.

>> Mkuu usilaumu chuma, mi ndo nachomelea hizo. Bamba la milimita 5, mita moja ya mraba tu ni kama kilo 39, weka na mkono wa kubebea spea tairi na mapaipu, kilo 80 hiyo hapo hujapakia hata gunia na zote zinaning'inia nyuma ya ekseli. Ndo maana usiku unapishana na pikapu taa zake zinamulika juu ya miti. Chasisi mi siichomelei, moto unailegeza, natengeneza mabraketi yafungwe na bolti ngumu za daraja 8.8 kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Kama lazima nichome ikiwa garini natoa kwanza terminali ya betri. Kona nazikata mshazari zipande juu. Anayetaka pembe kali aende kwa jirani.

>> Nyie wa lami mna raha. Huku Loliondo masika ikishika udongo mweusi, weka hai-lifti jeki (ile jeki ndefu ya kunyanyulia gari kwenye bampa) kwenye bampa ya kiwandani uone inavyojikunja, au funga kamba hapo uvutwe, utatolewa bampa gari libaki kwenye tope. Mkizuia mmetuzuia na sisi.

>> (mleta mada) Wa Loliondo sina ubishi na wewe. Naongelea hizi zinazopeleka watoto shule Mbezi na kurudi, zinavutwa na tope lipi? Na hiyo huku ya trela si inatoka kwa kuchomoa pini moja tu, mtu anaiacha mwaka mzima ya nini?

>> Hiyo huku ya trela ndo inasaidia sasa, bodaboda wanakaa mbali 😂

>> Hatukai mbali kaka tunapenya, ndo kazi yenyewe. Mnaongelea Vitz tu wakati kona ya hizo bampa iko sawasawa na goti langu. Jamaa wa kijiweni kwetu aliguswa na ncha foleni inatembea, suruali ikachanika mpaka gotini na dereva wala hakujua akaondoka zake. Sheria ikija ianzie kwenye kona, unene wa bamba mtabishana baadae. Fundi hapo juu, hiyo mshazari kwa bampa ambayo ishafungwa unakata shingapi? Kuna bosi nataka nimpeleke.