Nimekamatwa usiku nikiwa nimekunywa, Jumatatu naripoti kituoni. Naombeni ushauri

Mti Mkavu:
Wakuu, habari za jioni. Nimechanganyikiwa, naomba mawazo, matusi wekeni akiba.
Jana Ijumaa natoka Tegeta na washkaji, tumepiga vitu kiasi cha kawaida. Barabara ya Bagamoyo, nimeshapita Africana, trafiki wakanidaka. Nikapulizishwa kile kidude, kikasoma juu. Viatu na mkanda vikabaki kaunta, nimekesha nimeshikilia suruali kwa mkono. Asubuhi ndugu yangu akanitoa kwa bondi. Leseni wanayo, gari liko kituoni, Jumatatu saa mbili niripoti.
Je, nitafungwa? Kuna namna ya kuyamaliza kabla jalada halijaenda mahakamani? Nina kazi ya watu, wakijua nimekwisha.

Mla Bata Mstaafu:
"Kiasi cha kawaida" ndiyo ngapi? Kuna watu hapa kawaida yao ni kreti.

Mama wa Chamazi:
Mtanichukia lakini nasema. Mpwa wangu aligongwa na mlevi alfajiri akienda kufungua genge. Aliyemgonga alikuja msibani na mfuko wa mchele, akakaa na wanaume kama mgeni mwingine. Nyie mkilewa bodaboda zipo, bajaji zipo, lakini lazima mshike usukani mwonekane. Ukae ndani kidogo, mwanangu, akili ikae sawa.

Mti Mkavu:
Mama, pole kwa msiba. Ila mimi sijaua mtu.

Tandiboi Mzee:
Vijana mmekosa mafunzo. Enzi zetu tukipeleka mzigo Tunduma, konyagi ilikuwa abiria wa kudumu. Ukikaribia kizuizi unatafuna karafuu, unashusha na maziwa mgando. Askari ananusa anasikia pilau. Kuna siku pale Ilula askari akaniuliza tumetoka harusi ya nani.

Karani Mstaafu:
Mzee wangu, hizo zilikuwa enzi za kunuswa. Kidude kinapima hewa inayotoka mapafuni, karafuu inaishia mdomoni. Kahawa na maji ya baridi navyo ni bure, pombe inaondoka kwa muda kupita tu. Kiwango cha sheria ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu.
Turudi kwa mleta uzi. Mimi si wakili, nimekula chumvi kwenye masijala ya mahakama. Mambo machache. Dhamana haiuzwi, kama kuna mtu alidai hela ya bondi amekula kwa jina lake. Jumatatu nenda, usilogwe ukakacha, aliyekudhamini ndiye atakayesumbuliwa. Ukipelekwa mahakamani utahitaji mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, wamtafute mapema, wengi wanalala mahabusu kwa kukosa hiyo karatasi tu. Maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa polisi, uliandika? Ulikuwa na haki ya kumwita ndugu au wakili kabla ya kusaini.
Sasa nikuulize. Gari la mlevi aliyedakwa tu mara nyingi anakabidhiwa ndugu mwenye leseni aliye timamu. Lako limebaki kituoni. Linasubiri nini? Mkaguzi wa magari?

Mla Bata Mstaafu:
Hapo sasa! Karani kaingia kwa mlango wa jikoni.

Mti Mkavu:
Sijui, utaratibu wao.

Karani Mstaafu:
Ulimgonga nani, kaka?

Mti Mkavu:
Jamani, kugonga ni neno kubwa. Kuna bodaboda aliingia ghafla nikamgusa kwa nyuma, akaanguka na abiria wake. Bodaboda mzima wa afya. Abiria, dada mmoja, mguu umevimba, wanasema mfupa. Leo nimeshamtumia laki nne na ndugu zake wamekubali yaishe, kwa hiyo upande huo nishaufunga. Ndiyo maana sikuutaja.
Ninachofikiria ni hiki. Nyumbani tuna dogo, ana leseni na hanywi hata soda ya baridi. Yuko tayari kusema yeye ndiye alikuwa anaendesha, mimi nilikuwa pembeni. Hana kazi, hana cha kupoteza. Nitamfungulia kibanda cha chipsi.

Mama wa Chamazi:
Hana cha kupoteza!!

Abunuasi wa Kijiweni:
Mimi ni bodaboda. Unasema "aliingia ghafla" halafu "nikamgusa kwa nyuma". Mtu aliyeingia ghafla anapigwa ubavuni, kaka. Shukuru ilikuwa usiku, mchana kijiwe kizima kingekuja kukusalimia.

Karani Mstaafu:
Laki nne haifungi kitu. Mlalamikaji kwenye kesi ya barabarani ni Jamhuri, yule dada ni shahidi. Kumtibu ni ubinadamu, na mahakama inaweza kulitazama hilo wakati wa adhabu, ila weka kumbukumbu za malipo na usimsainishe chochote. Amepewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu? Basi jeraha limeshaandikwa. Na bima umewaambia? Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu kwa ajili ya watu kama yeye. Kampuni ikikuta umeshapatana naye kimyakimya inaweza kukugeuka.
Kuhusu dogo, hesabu mwenyewe. Aliyepuliza ni wewe. Leseni iliyo kituoni ni yako. Bondi ina jina lako. Unampeleka mtoto wa watu akadanganye polisi mbele ya jalada linalomkana, mtoke na kesi mbili badala ya moja.

Mti Mkavu:
Mnaongea kirahisi kwa sababu si nyie. Nikifungiwa leseni kazi imekufa, na nina watoto. Dogo sijamlazimisha, kakubali mwenyewe.

Tandiboi Mzee:
Hata mimi niliwahi kubebewa msala na utingo wangu. Alikaa ndani, alipotoka akamuoa dada yangu, hadi leo ananidai.

Mpekuzi Huru:
Wakuu mnalishwa chai na nyie mnaomba maandazi. Mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi wa kutafuta mchumba, akaandika "sina gari ila nina malengo". Miezi michache tu anatuletea gari, dogo na kibanda cha chipsi. Halafu kwenye bandiko lake la kwanza hapa trafiki "wakanidaka", sasa kumbe ajali. Mtu anatunga huku anaandika.

Mla Bata Mstaafu:
Nimeufukua, upo kweli. Na sifa za mchumba alizoweka si za kitoto. Aweke picha ya karatasi ya bondi, majina afiche.

Abunuasi wa Kijiweni:
Nilijua tu. Ila mimi nilishamkasirikia, naomba hasira zangu zirudi.

Mti Mkavu:
Siweki picha yoyote. Sikusema gari ni langu. Ni la shemeji, mume wa dada, yuko Mwanza kikazi, aliniachia niwe naliwasha asubuhi betri isife.

Mpekuzi Huru:
Ukaliwasha mpaka Tegeta.

Mama wa Chamazi:
Chai au si chai, mimi namuuliza yule dada analala wapi leo.

Mti Mkavu:
Yuko MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, mama. Jumanne wanaangalia kama ni wa kupasua.

Karani Mstaafu:
Iwe kweli au umetunga, mwingine atasoma, kwa hiyo namalizia. Bima ni ya shemeji, anatakiwa ajue leo, si gari likitoka. Barua ya kampuni ikimfikia kabla hujamwambia, dada yako ndiye atakayeulizwa. Tafuta wakili kabla ya Jumatatu. Huna uwezo, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017, waulize ofisi ya mtaa wasaidizi wa kisheria wanapatikana wapi.

Mti Mkavu:
Sawa, dogo namtoa kwenye hili. Shemeji bado, kwanza nitafute pa kuanzia. Kesho ni Jumapili, barua ya mdhamini naipata wapi?

Karani Mstaafu:
Mpigie mjumbe wako usiku huu, akupeleke kwa mwenyekiti nyumbani. Mdhamini aende mwenyewe, na kitambulisho cha NIDA mkononi.

Mpekuzi Huru:
Na mdhamini asiwe dogo.